Nani Anaishi Humu

Nina daftari la jalada gumu ambalo madalali wenzangu walilicheka miaka saba, kisha mmoja mmoja wakaja kuliazima. Ndani yake nimeandika kila swali nililowahi kuulizwa na mtu anayetafuta nyumba ya kununua kuanzia Kerege mpaka mjini Bagamoyo, na chini ya kila swali nimeandika jibu lake. Maji ni ya bomba au ya kisima, na kama ni ya kisima, yana chumvi? Umeme una mita yake au mnachangia na jirani? Masika maji yanapita wapi? Barabara ikipanuliwa, ukuta huu utapigwa alama ya X? Na mbona anauza? Hilo la mwisho kila mteja huliuliza, na huliuliza pale muuzaji anapokwenda kutafuta ufunguo.

Madalali wengi wanategemea ulimi. Mimi nategemea maandalizi. Muuzaji akibabaika kwenye swali dogo tu, mteja haangalii tena nyumba, anatafuta kinachofichwa. Kwa hiyo siku moja kabla ya kuonyesha nyumba namkalisha muuzaji chini na kumuuliza mimi kwanza, kwa ukali, kama mteja mkorofi. Wengine wanakasirika. Nawaambia ni afadhali wanikasirikie mimi leo kuliko kumkasirikia mteja kesho.

Ndivyo nilivyomkalisha Msabaha, Jumatano alasiri, nyuma ya duka lake la mbao pale Kerege. Msabaha ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye sauti ya kuswalisha watu. Mdogo wake Yunus, fundi wa majokofu, alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita na kuacha nyumba Zinga: vyumba vitatu, kibaraza mbele, mkorosho uani, bati bado jipya. Msabaha ndiye msimamizi wa mirathi na barua yake nilikuwa nimeiona. Mimi nilikuwa na miezi mitatu sijauza hata kiwanja, na mteja wa nyumba hii alikuwa ameshapatikana. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanitafutia udhuru mwingine.

"Maji?" nikamuuliza.

"Kisima. Hayana chumvi."

"Usiseme tu. Mpe glasi aonje."

"Sawa."

"Barabara?"

"Bikoni zipo, tupo nje kabisa ya eneo la barabara. Nitamwonyesha."

"Mbona unauza?"

"Warithi tumekubaliana tugawane." Alilisema vizuri, bila kumeza mate. Nikaweka alama ya vema.

"Nani anaishi humu?"

Akaokota kipande cha mbao chini, akakigeuza mkononi, akakirudisha palepale.

"Mjane wa marehemu," akasema. "Shemeji Chausiku. Anamalizia eda. Zimebaki wiki tano."

"Na amekubali nyumba iuzwe?"

"Si umeuona muhtasari, dada? Dole gumba lake lile pale."

Nilikuwa nimeuona, na nilikuwa nao kwenye faili langu. Karatasi moja ya kikao cha familia, sahihi za wanaume watano, na chini kabisa dole gumba la wino wa bluu, pembeni yake limeandikwa jina lake. Muhuri ulikuwa bado; tulipanga kuipeleka ofisi ya kijiji mteja akishakubali.

Nilipoliona dole gumba lile sikushangaa hata kidogo. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo mjini, nyumba ya mawe, bibi yangu alikuwa akisoma gazeti kibarazani watu wakipita. Kwetu watu wa Zinga tuliwaita watu wa shamba, na tuliona hatumtukani mtu. Mwanamke wa shamba ametia dole gumba, basi, angetia nini? Ndivyo nilivyofikiri, na kwa fikra hiyo nikafunga faili.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Kutoka Kerege mpaka Zinga si mbali. Nilikuwa na muda, na mimi ni mwanamke. Mjane akiwa ndani ya eda, mlango wake haufungwi mbele ya mwanamke mwenzake. Ningeingia, nikampa pole, nikamuuliza swali moja tu. Sikwenda. Nilihofia jibu lake, kwa sababu lingeniharibia kazi, na mtu akiamua kutokujua jambo hakosi sababu za kujiambia yuko sahihi.

"Ukimwambia mteja kuna mjane ndani, hanunui," nikamwambia Msabaha. "Watu wanaogopa kununua nyumba yenye mtu wa kuhamishwa."

"Niseme nini?"

Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika juu: Zinga, nyumba ya marehemu Yunus. Nikaandika swali, na chini yake jibu, kwa mwandiko wangu ninaojivunia: Nyumba haina mtu wa kuhamishwa. Mnunuzi anakabidhiwa funguo siku ileile. Nikamsomea. Akarudia. Mara ya kwanza aliharakisha, mara ya pili akatazama chini, mara ya tatu likatoka laini kabisa, na mimi nikafurahi. Kweli nilifurahi.

Mipango mingine ilikuwa rahisi. Mteja alikuwa mwanamume, Najim, mfanyakazi wa Dar es Salaam, na alisema angekuja na rafiki yake anayejua ujenzi. Msabaha angemwambia shemeji yake kwamba mafundi wa kukagua paa wanakuja, kwa hiyo asitoke chumbani. Asingetoka. Mwanamke aliye kwenye eda hajitokezi mbele ya wanaume wageni, na mwanamume mwenye adabu hafungui mlango alioambiwa kwamba ndani kuna vitu vya marehemu. Tulikuwa tumeifanya eda ya mtu kuwa kufuli letu, na hakuna kati yetu aliyesema hivyo.

Alhamisi saa nne kasoro nilikuwa Zinga, nasuuza glasi kwenye ndoo ya kisimani, teksi iliposimama mbele ya nyumba. Nikafuta mikono, nikatoka na tabasamu la kazi. Mlango wa nyuma wa teksi ukafunguliwa, akashuka mwanamke.

Alikuwa mtu mzima, zaidi ya miaka sitini, mrefu, kwenye baibui jeusi na raba nyeupe za kutembelea. Alikuwa peke yake. Nikaitazama teksi tena kama vile Najim angetokea chini ya kiti. Simu ilikuwa mfukoni na ujumbe wake nilikuwa sijausoma: amebanwa kazini, anakuja mama yake, Bi Adila, yeye ndiye atakayekaa hapo, tafadhali mjibu kila atakalouliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Nadhira? Najim kaniambia una majibu ya kila kitu."

Nikamtazama Msabaha. Alikuwa amesimama kibarazani na kanzu yake safi, na uso wake ulikuwa umekauka. Yeye naye alikuwa ameelewa. Tulikuwa tumejiandaa kwa mwanamume.

Nikaanza kujipa moyo. Mwanamke au mwanamume, nyumba ni ileile na maswali ni yaleyale. Na kweli alianza nayo yaleyale. Akaulizia maji, Msabaha akampa glasi, akaonja, akaimaliza yote, akasema alhamdulillahi. Akaulizia barabara, akaonyeshwa bikoni. Akaulizia masika, akaonyeshwa mfereji na maji yanakoelekea. Akataka kuona choo na shimo lake, akainama mwenyewe, akagonga mfuniko kwa kisigino. Alikuwa muuguzi mstaafu, akatuambia, na kazi ile imemfundisha kutokuona haya mbele ya choo cha mtu. Msabaha alijibu kila kitu kwa sauti yake ile ya kuswalisha, na mimi nikaanza kupumua.

Tukaingia ndani. Sebule, chumba cha kwanza, chumba cha pili. Mwisho wa korido kulikuwa na mlango wa tatu, umefungwa, na mbele yake jozi ya ndala za bluu zimepangwa vizuri. Ndala zile hazikuwemo kwenye mipango yetu. Nikasimama upande ule ili gauni langu lizizibe.

"Na huku?" akauliza Bi Adila.

"Stoo," nikasema. "Vitu vya marehemu. Familia bado haijavigawa."

Akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Msabaha. "Na nani anaishi humu kwa sasa?"

"Nyumba haina mtu wa kuhamishwa," akasema Msabaha, laini kabisa. "Mnunuzi anakabidhiwa funguo siku ileile."

Nyuma ya mlango mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu aliyejitahidi kukizuia, na kikafuatiwa na kingine. Korido ilikuwa fupi. Sote watatu tulikisikia, na kila mmoja aliona wenzake wamekisikia. Nikamwomba Msabaha kwa macho aseme chochote.

"Hayana chumvi kabisa," akasema Msabaha.

Hilo lilikuwa jibu la swali la maji. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Bi Adila hakucheka na hakuuliza. Alitutazama, mimi kisha Msabaha, kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayesema hajala kitu, halafu akapita katikati yetu akatoka kwa mlango wa uani.

Tulimfuata. Alikuwa amesimama chini ya mkorosho, mbele ya kamba ya nguo. Nilikuwa nimepita pale asubuhi ile mara tatu kwenda kisimani na kurudi, na macho yangu yalikuwa kwenye bati, kwenye nyufa, kwenye kila kitu ambacho mteja hukitazama. Juu ya kamba kulikuwa na magauni matatu na mitandio miwili. Vyote vyeupe. Hapakuwa na kanga yenye ua, hapakuwa na dera la rangi, hata leso. Magauni yalikuwa bado yanadondosha maji.

Akashika pindo la gauni moja, akalikamua kidogo, maji yakamtiririka kwenye vidole.

"Nani anakaa eda hapa?" akauliza.

Swali hilo halikuwemo kwenye daftari langu. Miaka saba, maswali zaidi ya mia, na halikuwemo.

Msabaha akanitazama mimi. Na nakiri kwamba jibu nilikuwa nalo. Lilikuja lenyewe, zima, limenyooka: ni nguo za jirani, kamba yao imekatika. Lilifika kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nasubiri pumzi tu.

"Sikuulizi habari za nyumba, mwanangu," akasema Bi Adila kabla sijafungua mdomo. "Mambo ya nyumba tutarudi. Nauliza ili nikampe pole. Nimeingia kwenye nyumba yenye msiba, nimekunywa maji yake, nimegonga choo chake, na mwenye msiba sijampa hata mkono. Nikirudi nyumbani nitajiambia mimi ni mtu wa namna gani?"

Hakupandisha sauti. Lakini aibu ilinishika kuanzia miguuni. Mimi ndiye wa nyumba ya mawe, mimi ndiye niliyelelewa na bibi ambaye asingepita hata mtaa wenye matanga bila kuingia kutoa pole, na mimi nilikuwa nimeshapita mbele ya mlango ule mara nne asubuhi ile nikinyata ili mjane asinisikie. Jibu la kamba ya jirani nikaliacha.

"Ni mke wa marehemu," nikasema. "Yuko ndani."

"Dada," akasema Msabaha. "Tulikubaliana."

"Nipeleke," akasema Bi Adila.

Msabaha alitutangulia. Alipofika mwisho wa korido akageuka akasimama mbele ya mlango, mikono ameifunga kifuani. "Amelala," akasema. "Usiku hakujisikia vizuri. Tusimsumbue."

"Mimi ni muuguzi," akasema Bi Adila. "Kama hajisikii vizuri, ni heri nimwone."

Wakatazamana. Nilifikiri kwa dakika ile kwamba angekataa, na sijui ningefanya nini. Lakini Msabaha hakuwa mtu wa kumzuia mama mtu mzima kwa mikono. Akasogea hatua moja, akabaki ameegemea ukuta. Nikagonga.

"Hodi."

"Kama ni mwanamke, karibu," ikajibu sauti.

Chausiku alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, gauni jeupe, mtandio mweupe. Alikuwa mwembamba, umri wa miaka arobaini na kitu. Mbele yake kulikuwa na rundo la madaftari ya watoto, mengine yamekunjwa pembe, na moja lilikuwa wazi juu ya goti lake. Mkononi alishika kalamu nyekundu. Alikuwa anasahihisha.

Niliitazama kalamu ile nikasahau salamu. Kwenye faili langu, kwapani, kulikuwa na dole gumba.

Bi Adila alivua raba, akakaa naye mkekani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamwombea marehemu, akamtakia subira. Chausiku akaitikia amin. Bi Adila akamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, akaambiwa alikuwa mtu wa mzaha. Yote hayo yalichukua muda wake na hakuna aliyeharakisha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, sina pa kuweka miguu.

"Mmekuja na mafundi wa paa?" akauliza Chausiku hatimaye. "Shemeji alisema leo watakuwepo wanaume."

Bi Adila aliinua uso akanitazama mimi, akangoja. Angeweza kunisaidia na hakunisaidia, na sasa namshukuru.

"Hakuna mafundi, dada," nikasema. "Mama ni mteja. Mimi ni dalali. Nyumba inauzwa."

"Nyumba ipi?"

"Hii."

Akafunika kalamu yake. Alifanya hivyo polepole, mpaka kifuniko kikalia, akaiweka juu ya madaftari. Nilitegemea alie. Hakulia, na nilitamani angelia, kwa sababu angalau ningejua la kufanya.

"Nani anauza?"

"Kaka Msabaha. Kuna muhtasari wa familia. Una dole gumba lako."

"Dole gumba," akasema.

"Ndiyo."

"Nafundisha madrasa hapa Zinga mwaka wa kumi na tisa. Hata sasa wazazi wananiletea madaftari humuhumu ndani. Mara ya mwisho kutia dole gumba mahali nilikuwa najiandikisha kupiga kura." Akanyoosha mkono. "Nione."

Nikamfungulia faili. Aliisoma karatasi yote, kutoka juu mpaka chini, na alipofika kwenye jina lake akalitazama muda mrefu. Wameandika Chausiko, akasema, hata jina hawakuuliza. Kisha akanyooshea kidole daftari nililokuwa nimelikumbatia.

"Na daftari hilo?"

Ningeweza kusema ni la hesabu zangu. Nikampa. Akalifungua kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kufungua madaftari ya watu, akapitia kurasa, bomba, mita ya luku, masika, mpaka akafika ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Akausoma kwa sauti, na aliusoma wazi, asikie hata aliyekuwa kwenye korido.

"Nani anaishi humu. Nyumba haina mtu wa kuhamishwa. Mnunuzi anakabidhiwa funguo siku ileile." Akainua macho. "Una mwandiko mzuri," akaniambia.

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kufukuzwa na mbwa, mwanamume mmoja wa Kerege aliwahi kunitupia funguo usoni. Hakuna lililoniuma kama sifa ile.

Akachukua kalamu nyekundu. Akapiga mstari juu ya jibu langu, mmoja, ulionyooka, kama anavyopiga juu ya kosa la mtoto. Chini yake akaandika: Naishi mimi, Chausiku binti Abdala, mke wa Yunus. Sijaulizwa na sijakubali. Akaweka tarehe, akaweka sahihi.

"Shemeji," ikasema sauti ya Msabaha kutoka nje ya mlango. "Tungekwambia. Eda ikiisha tungekaa tukuambie."

"Eda ikiisha ningekuwa nakaa wapi, shemeji?"

Jibu la hilo sikuwa nimemwandalia.

Chausiku akanigeukia. Sasa aliishusha sauti yake ili isisikike nje. "Mimi sitoki humu wiki tano. Nikitoka, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kutangaza kwamba nimevunja eda, na hakuna atakayesikiliza neno langu lingine. Ndiyo maana kachagua wiki hizi. Wewe unatoka. Hii karatasi na hili daftari vipeleke ofisi ya kijiji kabla hajatafuta dalali mwingine na karatasi nyingine. Mwambie mtendaji asigonge muhuri."

"Nitapeleka karatasi," nikasema.

"Na daftari."

Nikaelewa anachoomba. Karatasi ilikuwa kosa la Msabaha. Daftari lilikuwa langu.

"Mimi nitakaa naye mpaka urudi," akasema Bi Adila. Hakuuliza kama nitarudi.

Msabaha alinifuata mpaka kibarazani. Hakunigusa. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

"Dada Nadhira, tufikirie. Mwandiko ule ni wako. Mimi naweza kusema nilishauriwa vibaya na dalali. Ukilipeleka lile daftari unajipeleka mwenyewe. Nani atakupa nyumba yake tena uiuze? Nipe vyote. Nitavitia kwenye moto wa takataka pale dukani, mimi nimekosa nyumba, wewe umekosa mteja, yameisha."

"Na dada Chausiku?"

"Atakaa mpaka amalize eda. Kisha tutazungumza kifamilia."

Nikashuka ngazi. Akaniita tena, na safari hii hakusema dada. Sikugeuka, ila nilikuwa nimelikumbatia faili mpaka kona zake zikanichoma mbavuni.

Kutoka pale mpaka ofisi ya kijiji ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, na zile dakika ishirini nazikumbuka zote. Alikuwa amesema kweli, hilo ndilo lililonikera. Katika kazi yetu jina likishachafuka hakuna pa kulifulia. Na lilikuwa jani moja tu. Nilisimama nyuma ya kibanda cha chipsi kilichokuwa bado hakijafunguliwa, nikatoa daftari, nikalishika jani lile kwenye mshono. Karatasi peke yake ingetosha, nikajiambia. Chausiku ataandika mwandiko wake mbele ya mtendaji siku yoyote, dole gumba litaanguka lenyewe. Niliuvuta ukurasa kidogo, uzi wa kwanza ukaachia. Nikaona maandishi mekundu kwenye kona, Sijaulizwa, herufi zimenyooka kama za ubaoni. Ukweli wake ulikuwa kwenye jani lilelile lenye uongo wangu. Nisingeweza kuchana kimoja nikaacha kingine.

Nikalirudisha kwapani nikaendelea na njia.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Twalha, alikuwa peke yake ofisini, anakunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Ananifahamu, nimempelekea mauziano mengi, yote safi, na alinikaribisha kwa furaha akidhani nimemletea jingine. Nikaweka karatasi mezani. Nikaweka daftari juu yake, wazi. Akavaa miwani. Alitazama dole gumba kwanza, kisha akasoma ukurasa, kisha akarudi kwenye dole gumba.

"Haya mekundu ni ya nani?"

"Ya mwalimu Chausiku. Mjane wa Yunus."

"Na haya yaliyokatwa?"

Kila muuzaji wangu niliyemkalisha chini nilimwambia asimeze mate kabla ya kujibu. Nilimeza.

"Yangu," nikasema. "Niliyaandika mimi, na mimi ndiye niliyemfundisha kuyasema."

Bwana Twalha akavua miwani. Akasogeza chai pembeni, akavuta kitabu chake cha kumbukumbu, akaniuliza jina langu kamili kana kwamba hanijui.